Kitambaa cha Kambo kwenye Gari la Baba

Rafiki unayesoma, vumilia herufi zangu. Zinalala upande, na maneno mengine nimeyaandika vile ninavyoyasikia, maana shule yangu iliishia darasa la sita. Naandika polepole sana. Lakini mdomo wangu ni mzito kuliko mkono. Mbele ya watu sauti yangu hupotea. Kwa hiyo acha niandike.

Juma lililopita taksi moja ilisimama mbele ya meza yangu ya mandazi, hapa Katuba. Dereva alizima injini ili anunue, na aliporudi gari likakataa kuwaka. Lilikuwa la zamani, na jua lilikuwa la saa nane. Akafungua kapo, kile kifuniko cha injini, akalowesha kitambaa, akakilaza juu ya pampu ya petroli, kisha akaja kukaa kwenye benchi langu. Abiria mmoja akamwambia, "Papa, motokari yako iko kichwa nguvu kuliko mukwe yangu." Dereva akajibu akiwa na ndazi mdomoni, "Mi yangu inapolaka, baba. Mukwe yako je?" Wakacheka wote. Baada ya muda gari likapoa, likawaka, wakaenda zao.

Hakuna aliyemtafuta mchawi. Mandazi yangu yaliungua kwenye mafuta nikiwa nimesimama nayatazama. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba.

Baba alikuwa na gari la namna hiyo, kamioneti, yaani pikapu, ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa waya. Jumamosi lilitupeleka Kasungami kwenye shamba la kambo. Kambo ndivyo tunavyomwita huku mama wa baba. Asubuhi lilikuwa likiwaka mara moja. Tulikwenda tumekalia magunia matupu, tukarudi tumekalia majani ya muhogo tunayoita sombe, mahindi mabichi na magunia ya makaa, vumbi jekundu likiwa limeganda kwenye kope. Hata leo nikifumba macho naisikia harufu yake: petroli, sombe iliyokatwa muda si mrefu, na munkoyo wa kambo, kile kinywaji cha mizizi, uliokuwa ukichacha kwenye bidoni, dumu la plastiki, miguuni pake. Tukifika nyumbani tulitwanga sombe uani hadi mikono ikawa ya kijani, na bukari, ugali wetu, ilisongwa kwenye sufuria kubwa, kwa sababu jirani yeyote aliyepita alikaribishwa.

Ugonjwa wa gari ulijulikana mtaa mzima. Likiwa limepoa halikuwa na neno. Lakini likishatembea kwenye jua kisha ukalizima, basi. Starta inazunguka, injini inakohoa, haishiki. Baba alibadilisha buji za kuwashia, akabadilisha bobini ya umeme, akaisafisha kabureta juu ya gazeti kuukuu. Bure. Mpaka fundi mmoja alipogusa bomba jembamba la petroli, akaondoa kidole haraka akikipuliza. Bomba lilipita karibu mno na chuma cha moto. Petroli ilichemka humo ndani ikawa mvuke, na pampu ikabaki inavuta upepo. "Muwekeye kitambaa ya maji, papa, kisha mungoje," alisema. "Musilazimishe, mutaua batri."

Tangu hapo kitambaa kikawa kazi ya kambo. Kilikuwa kipande cha kitenge chake cha zamani, chenye ndege wa kijani. Gari likigoma, alishuka taratibu na kibidoni cha maji, akainama chini ya kapo, akaifunga pampu na bomba lake, huku akilibembeleza gari lipoe kama mtoto mwenye homa: "Pola, mwana, pola. Tutafika." Sisi wengine tulikaa kando ya njia tukichoma mahindi.

Mama jirani wa mlango wa pili alipenda kumtania kambo. "Mama, mutoto yako iko na homa tena?"

"Afazali yangu inapona," kambo alijibu. "Ya kwako inakula tu."

Mtoto wa jirani, kijana seremala, ndiye aliyecheka kuliko wote, na mahindi mdomoni. Alikuwa amepanda lile gari mara nyingi kuleta mbao zake. Mtaa mzima ulilipanda. Naomba ulishike neno hili, rafiki: mtaa mzima.

Kisha yule kijana akafa. Homa ilimshika, haikumwachilia. Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua bado, wakati jua linapokaanga mabati. Kambo alilala kwenye matanga chini pamoja na akina mama, akawatwangia sombe watu waliokuja kulia. Jirani alimwomba baba alete gari libebe sanduku, na baba akakubali.

Huku kwetu kuna msemo kwamba gari la maiti likisimama njiani, maiti amekataa kwenda, na amekataa kwa sababu aliyemla, yaani aliyemroga, yuko karibu. Nilikuwa nimeusikia msemo huo mara nyingi. Sikujua kwamba watu wazima wanaweza kuuamini kuliko macho yao.

Vijana walitangulia kwa miguu, nyuso zimepakwa unga, matawi mkononi, wakiimba na kurudi nyuma na kuimba tena. Baba aliendesha kwa gia ya kwanza nyuma yao, polepole kama anayesukuma toroli. Jirani alikaa nyuma, ameegemea sanduku la mwanawe. Mbele tulikuwa baba, kambo na mimi katikati, na joto la injini lilinipanda kutoka kwenye nyayo. Tulipofika kwenye karakana alikofanya kazi marehemu, wenzake walitaka kumwombea. Mjomba wa marehemu akapiga kapo kwa kiganja. "Zima, papa."

"Ndugu, nikizima haitawaka. Iko na moto."

"Zima. Tunaombea mutu, hatuombee motokari."

Baba akazima.

Maombi yalikuwa marefu. Yalipokwisha baba akazungusha ufunguo, na injini ikakohoa. Akazungusha tena. Nyimbo zikakatika moja moja, mpaka kikasikika kikohozi kile peke yake.

Kambo akafanya alichokifanya siku zote. Alishuka na kibidoni, akalowesha kitenge, akainama chini ya kapo. "Pola, mwana, pola. Tutafika."

"Anaongea na nani?" kijana mmoja akauliza.

"Anafunga nini mule?"

Mjomba akasogea, yule yule aliyeamuru injini izimwe. "Mufu anakatala," akasema. "Mama huyu akikuwa hapa, hatutatoka."

Kambo alicheka kwanza. Alidhani ni utani, kama siku nyingine. Akainua mikono yake yenye maji. "Ni kitambaa, baba. Munakijua wote." Akamgeukia jirani aliyekuwa juu na sanduku. "Mama, basi ambia bo hawa watu."

Jirani akavuta kitenge chake akafunika uso.

Hapo kambo akamtazama mwanawe. Baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na aliutazama huo usukani kana kwamba alikuwa akiuona kwa mara ya kwanza. Vijana walikuwa wameokota mawe. Kwenye matanga mengine magari yamewahi kuchomwa, na baba alijua. Nilingoja aseme lile neno moja alilolisema muda mfupi kabla ya hapo: iko na moto. Hakulisema.

"Toka kwa barabara, mulozi," wakamwambia kambo; mulozi ni mchawi. Jiwe la kwanza lilimpiga mgongoni, dogo, kama la kufukuzia mbuzi. Akaondoka na kibidoni kitupu. Mimi nilitelezea mlangoni nikamfuata, na hakuna aliyenizuia.

Tulikuwa hatujafika kwenye kona tulipoisikia injini ikishika. Kitambaa chake kilikuwa bado kimefungwa kwenye bomba, kikifanya kazi yake. Nyuma yetu watu wakapaza sauti: "Munaona? Munaona sasa?"

Kambo hakugeuka. Alisema tu, "Nilisema itapola."

Baada ya hapo hakuna aliyenunua munkoyo wake. Mtu aliandika lile neno mulozi kwa makaa mlangoni petu. Nilikuwa najua kusoma, nikalisoma. Baba akasema kambo akapumzike Kasungami kwa muda. Alimpeleka asubuhi gari likiwa limepoa, na alipokuwa akishusha godoro na sufuria zake hakuizima injini. Alishusha haraka, gari likinguruma, akarudi. Muda ule haukwisha. Kambo alifia kule, kwenye kibanda cha shambani. Alizikwa hapo hapo, bila gari.

Gari nalo liliuzwa vipande vipande. Kapo lake nililiona limefunika banda la kuku. Baba amezeeka sasa, na nikimwuliza anasema, "Wakati ule wewe ungefanya nini?" Sijui, baba. Nilikuwa mtoto. Ninachojua ni kwamba siku ile uliokoa gari. Na jirani hupita mezani kwangu kila asubuhi, anachagua mandazi, ananiambia nimekua, nafanana na kambo. Namfungia kwenye karatasi, namrudishia chenji.

Zile Jumamosi zimekwisha, rafiki. Shamba limegawanywa viwanja vya nyumba. Munkoyo wa kambo hakuna aliyejifunza kuupika. Lakini kinachonichoma zaidi ni kile kicheko cha kando ya njia, watu wamekaa kwenye majani wanangoja injini ipoe, na hakuna mwenye kosa. Tulikuwa nacho. Kikatupwa barabarani kwa jiwe la kufukuzia mbuzi.

Kama ulikuwa mtu wa mtaa wetu, niandikie. Sikuombi useme samahani. Andika tu kwamba uliwahi kulipanda lile gari, na kwamba ulikula mahindi ukingoja lipoe, na ulimwona mama mzee akilifunga kitenge cha ndege wa kijani. Mstari mmoja unatosha. Mwandiko ukiwa mbaya si neno. Hata wangu ni mbaya. Nitausoma polepole, kisha nitaupeleka Kasungami nimsomee kambo.