Siku Tuliyompeleka Magokoro Kuona Ziwa

Harufu ya turubai lililolowa ikinifikia popote, hata sokoni, moyo wangu unashtuka. Turubai lililolowa, ndizi mbivu chini yake, na magunia yaliyowahi kubeba omena, wale dagaa wa ziwani. Hiyo ndiyo harufu ya likizo ya Agosti nilipokuwa darasa la tatu, na darasa la tatu ndilo la mwisho nililomaliza, kwa hiyo mnisamehe nikiandika kama ninavyoongea. Kwetu ni Ekerenyo. Likizo kama hiyo watoto walipewa vikapu wakaingia kwenye majani chai, lakini mimi sikuweza kutulia kwenye mstari mmoja wa miche. Mama alikuwa akisema nina siafu miguuni. Mpaka leo, mahubiri yakirefuka, miguu yangu hutaka kutoka kanisani bila mimi. Lakini nilikuwa nasimulia habari ya turubai.

Magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya, mama yake mama yangu, aliishi Ikonge. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, jicho moja zaidi ya jingine. Alikuwa amekula samaki wa ziwani maisha yake yote bila kuliona ziwa, na akasema hataki macho yafunge kabla hajaliona. Baba alikuwa na rafiki Mjaluo, Omondi, aliyeleta samaki sokoni kwa pikapu yake. Omondi akasema, hilo ni jambo dogo, Jumamosi nitawapeleka wote.

Sasa hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo hawajui. Sisi Abagusii tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima yenye haya ndani yake. Mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na kuonana miili ndiyo balaa kabisa. Kwa hiyo Magokoro alikaa mbele na mama na Omondi, na baba akakaa nyuma na sisi watoto chini ya turubai, ameupa mgongo ule upande wa mbele safari nzima. Mimi nilikuwa nachungulia kila dakika nikiuliza kama tumefika. Baba alinifinya sikio mara mbili.

Mvua ikatushika hatujafika Miruka. Gurudumu la nyuma likateleza mtaroni, pikapu ikalala upande. Mama akashuka kwenda kwenye maboma ya karibu kutafuta wanaume na kamba. Baba akavua shati na suruali, akabaki na kaptura, akaingia kwenye matope kupanga mawe. Omondi akasema mzigo wote ushuke, na watu pia. Ndizi tukazishusha. Magokoro akakataa. Alikuwa amemsikia mkwe wake akiguna huko nyuma, akajifunika leso kichwa kizima.

Nikamwambia, Magokoro, lakini wewe hata huoni vizuri.

"Simwoni," akasema ndani ya leso, "lakini yeye anajua niko hapa."

Omondi akazunguka gari akicheka kwa hasira. "Hata kwetu mama mkwe anaheshimiwa," akasema, "lakini si mpaka gari liote uyoga." Jua lilikuwa limeshapita utosi. Nilijua tukichelewa tutafika ziwani giza, na kwa macho yale giza ni sawa na kutokwenda. Miguu ikaniwasha. Nikaenda dirishani nikamwambia Magokoro kwamba baba ameenda na mama kutafuta kamba. Nilisema hivyo bila kupepesa. Baba alikuwa amechutama nyuma ya gari, hata hatua nne hazikufika.

Akashuka. Alishika ubavu wa gari, akapiga hatua, ya pili akateleza. Aliyemdaka ni baba, kifua wazi, kwa mikono yake yote miwili.

Baba alimweka chini kama mtu anayetua chungu cha moto, akakimbilia kwenye migomba, na Omondi akageuka kutazama milima. Mama aliporudi na wanaume, gari lilitoka mara moja, ndiyo uchungu wenyewe. Lakini safari ilikuwa imekufa. Baba alituma neno kutoka kwenye migomba: turudi, wazee waitwe, jambo litengenezwe nyumbani. Yeye mwenyewe hakupanda tena. Alirudi Ekerenyo kwa miguu.

Mama alimuuliza Magokoro nani alimwambia ashuke. Nilisimama pale nikisubiri kipigo changu.

"Nilichoka kukaa," Magokoro akasema.

Njiani tukirudi, nami nimebanwa mbele kando yake, kwenye mwinuko mmoja alinishika mkono akaniuliza kama ziwa linaonekana kutoka pale. Ulikuwa ukungu mtupu, bonde zima limejaa. Nikasema linaonekana. Akageuza uso nilikomwonyesha, akakaa hivyo kitambo. "Haya," akasema, "nimeliona." Hakupata kwenda tena, macho yalifunga mwaka huohuo. Ikonge aliwaambia watu kwamba ziwa ni kubwa na ni jeupe. Sijui kama aliniamini au alinisitiri mara ya pili. Sikuwahi kumuuliza, na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kulisema.

Sasa ukungu uko kwenye macho yangu mimi. Agosti iliyopita mume wa binti yangu alinipeleka ziwani kwa gari lake. Akanikalisha mbele, kando yake, akanifunga mkanda kwa mikono yake mwenyewe, nami nikageuzia uso dirishani. "Mama, siku hizi ni sawa," akasema akicheka. Labda ni sawa. Heshima yetu ile, pamoja na ulimi wangu, vilimnyima Magokoro ziwa, lakini mkono ule ulipopita kifuani pangu nilitamani kushuka nitembee. Lami yote ile, kabla sijamaliza kunung'unika tulikuwa tumefika. Tukasimama ufukweni. Mbele yangu palikuwa peupe tu, kama siku ile. Nikamuuliza mjukuu wangu, msichana wa miaka tisa asiyetulia, anaona nini.

"Maji tu, Magokoro," akasema. "Na majani yanaelea. Na mbwa amelala."

Nilimshukuru kwa yule mbwa. Mimi, umri wake, nilisema tu linaonekana; mbwa nisingemtaja.