Baba wa Mwenye Glavu Alienda Timau

Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu. Ninashona sare za shule hapa Nyeri, kazi ya kuinama, na kuna siku naongea na cherehani kuliko ninavyoongea na wanadamu. Lakini Jumamosi ile, katika ukumbi uliojaa vijana wa rika la binti yangu, nilisimama, nikaomba maikrofoni, na nikasema maneno ambayo mpaka leo binti yangu akiyakumbuka anajifunika uso.

Ni yeye aliyenipeleka. Aliniambia sinema ya Mwenye Glavu imetengenezwa upya, mwigizaji mpya, hadithi inaanzishwa mwanzo kabisa, na ikiisha kutakuwa na mjadala wa mashabiki. Alijua nitakubali. Amekua akinisikia nikimtaja huyo shujaa kama mtu wa ukoo wetu. Hata leo nikiinua kitu kizito lazima niseme maneno yake, "Hii ni lumbesa ama ni mlima?" Lumbesa ni lile gunia la viazi linaloshindiliwa mpaka linaota kichwa juu ya mdomo wake, na Mwenye Glavu alikuwa akiyasema hayo kila alipoinua lori.

Basi tukaketi. Ai, sinema gani hiyo! Mvua kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Taa zote hafifu, watu wananong'ona, shujaa mwenyewe hacheki hata kidogo. Na dakika tano hazijaisha, kiwanda kinashika moto, baba yake anamvisha zile glavu za chuma, anarudi ndani kuokoa wenzake, na anakufa. Wanamzika hapo hapo tunaangalia.

Nilimgeukia binti yangu nikamwambia wamekosea, huyo baba hafi. Akaniambia ninyamaze, watu wanasikiliza. Nikamwambia tena, anaenda Timau. Akaniangalia vile unavyomwangalia mzazi ukianza kuhesabu miaka yake.

Ni lazima nieleze habari ya Timau, la sivyo mtaniona mwendawazimu.

Nilipokuwa na miaka tisa, pale mtaa wa Majengo palikuwa na banda la video nyuma ya bucha. Mabenchi sita, televisheni moja iliyofungiwa kwenye sanduku la mbao, na kijana mmoja Mwislamu wa hapo hapo mtaani aliyekuwa na Kiswahili cha kumwagika. Kazi yake ilikuwa kutufasiria. Asubuhi aliangalia kaseti peke yake, mchana anapunguza sauti ya sinema, anashika maikrofoni, na kila mtu kwenye ile sinema anaongea kwa mdomo wake. Wazungu wakawa watu wa kwetu. Adui mkubwa wa Mwenye Glavu, yule tajiri mwenye jumba refu, alikuwa mwenyekiti wa kiwanda cha kahawa aliyekula pesa za wakulima, na wazee walikuwa wakimzomea kwa uchungu wa kweli. Sisi tulimwita Mfasiri, na hatukuwahi kufikiri kwamba kuna namna nyingine ya kuangalia sinema.

Mwaka huo ndio baba yangu alikufa. Aliugua kifua, wiki mbili tu, kisha wakaleta mwili wake nyumbani. Siku ya mazishi watu walimpa mama mkono na kumwambia pole, wakawapa baba zangu wadogo mkono na kuwaambia pole, na sisi watoto tukapewa mkate na soda na kuambiwa tusichezee karibu na udongo. Sikupewa pole na mtu. Sikujua hata kwamba ninastahili. Nilichukua sweta ya baba ya kijani kwenye msumari, nikaivaa, na sikuivua.

Jumamosi iliyofuata mama aliniambia nitoke nikacheze, maana alikuwa amechoka kuniona nimekaa kando ya mlango. Nikaenda bandani, nikakaa benchi ya mbele pembeni, na ikawekwa kaseti ya kwanza ya Mwenye Glavu. Kiwanda kikashika moto. Baba akamvisha mtoto glavu, akaingia kwenye moshi. Na Mfasiri akasema, baada ya kimya kidogo, kwamba baba ameitwa kazi Timau, kuendesha mashine ya kuvuna ngano, na ameondoka kwa haraka maana gari linamngoja.

Wakatokea watu wa nguo nyeusi. Akasema hao ni kwaya. Kulikuwa na sanduku refu, akasema ni kinanda kipya cha kanisa. Sanduku lilipokaribia shimo, waya za televisheni zikamletea shida ghafla, akasimama mbele ya kioo na mgongo wake mpana akizirekebisha mpaka sehemu hiyo ikapita. Shujaa alipolia, Mfasiri akasema analia kwa sababu ameachiwa kazi yote ya kukama ng'ombe. Banda zima likacheka. Na mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, nikacheka mpaka nikashika tumbo, ndani ya sweta ya baba.

Tangu siku hiyo nilikuwa na siri yangu. Niliamua baba yangu naye yuko Timau. Nilijua amezikwa, jamani, sikuwa mjinga, kaburi lilikuwa nyuma ya migomba na nililipita kila siku nikienda kukata nyasi. Lakini mtoto anaweza kuweka mambo mawili mahali pamoja na yasigombane. Katika kaseti ya pili shujaa alikuwa akisimama mbele ya jiwe fulani jeupe, na Mfasiri akatuambia hapo ni posta, anasoma barua ya baba: huku Timau baridi inauma, ngano ni nyingi, je, mmekama? Mimi nikitoka hapo naenda nyumbani kukama bila kuambiwa. Miaka mingi baadaye nilipeleka sare kwenye shule moja ya Timau, na nikajikuta nimesimama kando ya shamba la ngano, mwanamke mzima mwenye mtoto, nikiwaangalia wanaume waliokaa juu ya mashine, mmoja baada ya mwingine.

Kaseti ya tatu haikufika. Watu walianza kununua televisheni zao, banda likafungwa, na sisi tuliokulia pale tukabaki tukibishana kama baba wa Mwenye Glavu alirudi ama hakurudi. Mpaka sasa tuko na kundi letu kwenye simu, na ubishi huo ukianza, hata mtu aliyenuna miezi mitatu anatokea.

Sasa turudi ukumbini. Kijana aliyeongoza mjadala aliuliza kama ilifaa sinema hii iwe nzito hivi, ama wangefanya iwe ya kuchekesha kidogo. Vijana wakagawanyika. Wengine walisema shujaa asiye na huzuni ni katuni, na kwamba hii ndiyo Mwenye Glavu ya kweli. Wengine wakasema wakitaka kulia wana sababu zao nyumbani, hawahitaji kulipia tikiti. Mimi nilivumilia, nikavumilia, kisha nikasimama. Niliwaambia wametuletea matanga badala ya sinema. Niliwaambia Mwenye Glavu wa zamani alikuwa mtu wa mzaha, mkulima, mtu wa watu. Na hapo ndipo nikasema kwamba baba yake hakufa, alienda Timau kuvuna ngano.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Binti yangu alitafuta mahali pa kuingia chini ya kiti. Lakini nyuma kabisa akainuka bwana mmoja mnene, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tuliyekaa naye benchi moja utotoni, akasema kwa sauti nzito kwamba huyu mama anasema kweli, alienda Timau. Mwanamke mwingine karibu na mlango akasema ndiyo, na alikuwa akituma barua. Tulikuwa watu watano au sita, na nywele zetu zimeanza mvi, tukiwaapia watoto wa watu. Wakaacha kucheka, wakaanza kutuogopa.

Nyumbani binti yangu hakunicheka. Alitafuta ile sinema ya zamani yenyewe kwenye simu, akaniwekea na sauti yake yote, Kiingereza, akakaa karibu nami. Mwanzoni nilifurahi kumwona shujaa wangu. Kisha nikasikia muziki, wa huzuni, ule tuliokuwa tumepunguziwa. Hakuna mzaha hata mmoja. Hakuna lumbesa. Moto, baba, sanduku, na safari hii hakuna mgongo wa mtu uliosimama mbele. Likashuka shimoni lote. Tukaweka na ya pili: lile jiwe jeupe la posta ni kaburi.

"Mami," binti yangu akaniambia polepole, "huyo mzee amekufa. Si unaona?"

Nilikasirika, na sitaficha. Nilihisi nimeibiwa. Mtu alituchezea akili tukiwa watoto, akakaa kimya miaka yote hii, na mimi nimesimama mbele ya ukumbi mzima kumtetea! Kwenye kundi nao walikuwa wakipigana, wengine wakiapa kwamba hiyo ya kwenye simu imechezewa. Mmoja akasema Mfasiri yu hai, alioa Kagio na anauza nyanya. Siku ya soko nilifunga duka nikaenda Kagio, na njiani nilipanga matusi yangu vizuri.

Nilimjua kwa sauti kabla ya sura. Amezeeka, kofia yake ya kushonwa imelegea kichwani, lakini alikuwa akiongea kwa niaba ya nyanya, kwamba hizi zimekataa kuuzwa kwa mtu mchoyo, na wanawake wanacheka huku wakichagua. Nilingoja wapungue. Kisha nikamuuliza kwa nini alitudanganya kuhusu baba wa Mwenye Glavu.

Alicheka sana, akapangusa mikono kwa gunia, akasema kumbe kuna mtu bado anakumbuka. Halafu akaniuliza nilikuwa nakaa wapi. Nikasema benchi ya mbele, pembeni, karibu na ukuta. Akaacha kucheka.

"Sweta ya kijani," akasema. "Ilikuwa inafika magotini."

Aliniketisha juu ya kreti iliyopinduliwa. Alisema asubuhi ile aliiangalia kaseti kama kawaida, akapanga kuisimulia ilivyo, moto, kifo, mazishi, kila kitu, maana ilikuwa sinema nzuri ya kuliza watu na watu walikuwa wanapenda kulizwa. Mchana akaniona nikiingia. Mama yake alikuwa ametoka kwenye mazishi yetu juzi tu, na ile sweta aliifahamu tangu baba yangu akiivaa. Alisema moto ulipowaka alifungua mdomo kusema baba amekufa, na neno likakataa kutoka. Lililotoka ni Timau. Hata hakujua kwa nini Timau, hakuwa amefika huko maishani. Nilipocheka ile ya kukama, alisema, ndipo akajua amejifunga, hawezi tena kuniletea huyo mtu akiwa maiti.

Nilikuwa nimekuja na matusi yangu, na yote yakaniishia mdomoni. Nikamuuliza kitu ambacho sikujua kama nimekibeba, mimi mwanamke wa miaka arubaini na kitu, pale katikati ya soko. Nilimuuliza, kama kaseti ya tatu ingefika, baba angerudi?

Alichagua nyanya moja, akaigeuza, akairudisha.

"Hakurudi, msichana wangu," akasema. "Kila Jumamosi nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

Nililia, basi. Sikulia kwa adabu. Wateja walisimama wakangoja, na yeye akawafanyia ishara wachukue wenyewe. Kisha akanijazia mfuko wa nyanya, akakataa katakata kulipwa, na akaniuliza kama bado nina ng'ombe.

Jioni nilifika nyumbani nikakuta kundi bado linabishana, yule bwana mnene akiwa mstari wa mbele kutetea Timau kwa herufi kubwa. Nilikaa kitandani na koti langu, nikaandika: "Nimetoka Kagio kumwona Mfasiri. Baba alikufa. Alikufa tangu kaseti ya kwanza."

Watu arubaini na zaidi wakausoma ujumbe wangu. Kisha yule bwana akaandika neno moja tu, "Pole." Akafuata yule mwanamke wa karibu na mlango, "Pole sana." Halafu mwingine, na mwingine, watu ambao sijawaona tangu tukiwa na meno ya maziwa, pole, pole dada, poleni nyote. Najua walikuwa wakisema habari ya sinema. Mimi nilizisoma moja moja, na kila moja nikaijibu asante.