Presha ya Kupanda Mbinga

Nilikuwa shule ya msingi, kabla ya soko huria, nilipomsindikiza bibi hospitali Mbinga. Daktari wa moyo aliyekuja kutoka mbali alimpima, akauliza mbona vidonge vimebaki vingi.

"Si mlisema nina presha ya kupanda?" bibi akajibu. "Nameza siku za kupanda huku milimani. Nikishuka kwetu Mbaha, ziwani, naacha."

Muuguzi alicheka mpaka akashika meza. Daktari hakucheka. "Na wenzako kule ziwani, bibi?"

"Tunameza hivyohivyo wote. Hata tuliowazika."

Daktari akavua miwani, akaifuta taratibu. "Niwekee nafasi kwenye gari, bibi. Tunashuka wote."

Jumapili akawapima watu wa Mbaha nje ya kanisa, akimwonyesha kila mmoja mshale wa kipimo ukipanda hata pale mchangani. Bibi akameza kila siku, akaishi hadi kuniona naingia chuo kikuu.

Nimemkumbuka daktari yule juzi, niliposikia mwenzake wa siku hizi, mwenye kliniki yake mjini, akilalamika redioni kwamba wanakijiji hawana elimu. Naomba kuuliza: aliyewaambia watu "inapanda" bila kusema ni nini kinachopanda, yeye elimu yake ni ya wapi?