Mpini wa Mashine ya Kahawa

Mimi na Lwitiko tunagawana kibaraza kimoja hapa Tunduma: mimi nashona nguo, yeye anachora mabango ya maduka. Kazi ya mteja huimaliza kwa siku moja. Lakini kuna picha moja, iliyo kwenye kipande cha turubai kuukuu la lori, ambayo ameifuta na kuirudia kwa miaka kumi na tisa. Rangi imegandamana juu yake kama ukoko wa ugali. Nilizoea kumtania kwamba Mungu aliumba dunia nzima kwa siku sita na hakurudia. Hakucheka hata mara moja.

Picha yenyewe ni ya nyumbani kwao Igamba: mashine ya mkono ya kumenya kahawa, na dada yake Atuganile, mtoto wa miaka tisa, akitia kahawa mbivu kwenye mdomo wa mashine. Anayezungusha mpini ndiye hubadilika. Mara ni kibarua, mara ni mjomba, mara hakuna mtu.

Mwezi uliopita Atuganile alikuja kununua vitenge. Lwitiko akaigeuzia picha ukutani harakaharaka, lakini dada mtu akaigeuza tena. Hapo ndipo nilipoona kwamba mkono wake wa kulia una vidole vitatu. Kwenye picha vilikuwa vitano.

"Kaka, vidole umenirudishia," alisema taratibu. "Sasa wewe uliyekuwa unazungusha mpini, mbona haumo?"

Lwitiko aliinamisha uso. Aibu ilimjaa mpaka na mimi nikaona haya. Akaeleza kwamba alikuwa na miaka kumi na tatu, wavulana wenzake wakapita njiani, naye akazungusha kwa kasi ili wamsifu, mashine ikavikata vidole viwili vya dada yake. Baba yao alipofika, Lwitiko akamwambia kwamba Atuganile alichezea mashine akiwa peke yake. Mtoto wa watu akachapwa, mkono ukiwa bado na bendeji.

"Mimi sina haja na picha," Atuganile alisema. "Nataka baba ajue."

Lwitiko alichora siku tatu. Safari hii alijiweka mwenyewe kwenye mpini, anacheka, uso ameuelekeza njiani. Vidole viwili vya dada yake akavifuta. Nikamsaidia kuibeba hadi Igamba, alikokuwa Atuganile na baba yao.

Alipoiegemeza mbele ya baba yake, mzee alipapasa hewani, akauliza tumeleta nini. Macho yake yalikuwa hayaoni tena. Lwitiko alikuwa amekwepa kwao miaka minne, hakujua. Atuganile alijua, na alikuwa amenyamaza.

Basi Lwitiko akapiga magoti. "Baba, mpini nilizungusha mimi. Atuganile hakuchezea mashine. Nilidanganya."

Mzee akamwita binti yake, akaushika ule mkono, akavipapasa vidole kimoja kimoja, akamwomba msamaha. Atuganile akalia. Lwitiko alikuwa bado amepiga magoti pale pale, na hakuna aliyemwambia ainuke.