Barua ya Mzee Castory

Watu wa jumuiya yetu wanadhani Efrazia, Mama Anselmi, aligombea uenyekiti kwa sababu anampenda Mungu. Anampenda, sikatai. Lakini mimi, Mama Blessing, ndiye katibu wake, tunakaa nyumba ya tatu kutoka yake hapa Kibaha, nyuma ya kituo cha Kwa Mathias, na alinieleza mwenyewe siku moja tukichambua mchele: aligombea ili siku Castory, mwenyekiti wa zamani, atakapohitaji barua ya jumuiya, kalamu iwe mkononi mwake yeye.

Sikumwambia kuwa ni dhambi. Nilimpigia kampeni.

Parokiani kwetu padre ana waumini maelfu, hawezi kumjua kila mtu. Anayekujua ni mwenyekiti wa jumuiya yako. Ukitaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzikwa kwa misa, yeye ndiye anayeandika kwamba huyu ni wetu, anasali nasi. Asipoandika, kaa na sala zako.

Sasa, Didas, mume wa Efrazia, alikuwa fundi wa malori pale barabarani, mtu wa kucheka na wa bia. Miaka mitatu hakukanyaga jumuiya. Ini likamshika, na Jumatatu moja, alipoona hainuki tena, akamwambia mkewe, "Niitie padre." Efrazia akakimbia kwa mwenyekiti. Wakati huo mwenyekiti alikuwa Castory, mwalimu mstaafu, mtu wa suruali iliyonyooshwa mpaka inakata. Hakumkaribisha ndani. Alimjibu pale pale mlangoni, "Mwambie aje kwanza Jumamosi tumwone, ndipo nitaandika." Mtu hawezi hata kukaa kitandani, aje jumuiya! Efrazia alipiga magoti kwenye kokoto. Castory akarudisha mlango wa wavu, akaenda zake kunywa chai. Ijumaa Didas akafa.

Akazikwa bila misa wala kwaya. Kaburi lilichimbwa na jirani yao mzee Zubeir na vijana wa msikitini, Mungu awape heri. Kaka yake Efrazia ndiye aliyesoma sala kwenye kitabu, na kwa kutetemeka akaruka kurasa mbili. Sisi wa jumuiya tulibaki majumbani kwa sababu mwenyekiti alisema tusiende. Na mimi nilibaki. Nalisema hilo ili ijulikane kwamba hasira ninayoisimulia hapa si ya Efrazia peke yake.

Kwa miaka tisa baada ya hapo Efrazia hakukosa sala ya Jumamosi hata moja. Alfajiri yeye wa kwanza kufika na rozari yake, na wa mwisho kukunja mkeka. Watu wakasema mama huyu amepata neema. Mimi nilijua amepata shabaha.

Na Mungu si Athumani. Mke wa Castory alipofariki, mzee alihamia kwenye shamba lake la mikorosho na mihogo kule Kibuta, Kisarawe. Mwaka haukuisha akawa anaishi na mama wa huko, Mwanamkuu, Mwislamu, bila ndoa ya kanisani wala ya msikitini. Kanisa akaliacha kabisa. Yeye huyo aliyekuwa akitusomea majina ya waliolegea kana kwamba anatoa matokeo ya mtihani! Efrazia alipopata habari hizo alicheka mpaka akakohoa.

Kwaresma hii padre alituagiza tuwatafute ndugu zetu walioiacha imani, tuwasaidie kurudi. Akasoma orodha. Castory alikuwemo: amepooza upande mmoja, anataka kuungama, na jina lake bado liko kwenye daftari letu kwa kuwa hakuwahi kuhama rasmi.

"Mwenyekiti, mkamwone kwanza, halafu uniandikie," padre alisema.

"Nitakwenda mwenyewe, padre," Efrazia akajibu, kwa upole uliomfurahisha padre na kunitisha mimi.

Tulikwenda Jumanne, gari hadi Kisarawe mjini, kisha bodaboda hadi Kibuta. Efrazia alivaa kitenge chake cha Pasaka. Tulimkuta Castory amelazwa barazani kwenye kitanda cha kamba, mdomo umepinda.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Milele amina," nikaitikia kwa mazoea. Efrazia akanitupia jicho. Yeye hakuitikia.

"Unanifahamu?" akamuuliza.

"Nakufahamu, mama. Mke wa Didas."

"Mjane wa Didas."

"Nilifuata utaratibu, mama. Utaratibu ndivyo ulivyokuwa."

Efrazia akafungua mkoba, akatoa daftari na kalamu. "Vizuri sana. Na mimi nimekuja na utaratibu. Jumuiya umehudhuria lini mara ya mwisho?"

"Miaka mitano... sita."

"Na huyu mama unaishi naye kwa ndoa gani?"

Castory akavuta shuka mpaka kifuani.

"Basi mzee wangu, njoo kwanza Jumamosi alfajiri, tukuone."

Aliutazama mguu wake uliokufa, kisha akamtazama Efrazia. "Siwezi kutembea, mama."

"Didas naye hakuweza."

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Mkuki kwa nguruwe! Nilitamani aulizwe tena ajibu tena. Castory aligeuza uso ukutani, mabega yakaanza kumtikisika, na Efrazia akarudisha daftari mkobani taratibu, akaaga kama mtu aliyekuja kusalimia tu.

Hatukuwa tumefika mbali tukasikia mtu anatukimbilia. Alikuwa Mwanamkuu, kandambili moja mguuni, moja mkononi.

"Shikamoo, dada. Subirini, nawaomba." Alihema kwanza. "Mie dini yenu siijui. Anasali peke yake, akifika katikati anasahau, ananiuliza mie. Mie najua wapi? Ana jambo kifuani anataka kumwambia padre wake, mie hanambii. Kama dhambi yake ndiyo mie, naondoka leo hii niende kwa kaka yangu Bilali. Mwandikieni tu, dada zangu."

Akapiga magoti pale njiani, mchangani.

Efrazia alisimama akiyatazama magoti ya yule mama. Uso wake ulibadilika, na sisemi ulikuwa uso wa huruma. Alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Inuka," akasema. "Inuka nimesema! Miaka tisa namngoja mwanaume yule, halafu ananiletea wewe!"

Akarudi barazani kwa haraka mpaka kilemba kikamlegea. Alikaa kwenye kigoda, akaandika kwamba Castory ni mwanajumuiya wetu na anaomba huduma ya padre. Aliikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Akatoa mhuri wa jumuiya mkobani, akagonga.

"Padre atakuja kesho," akamwambia Castory. "Ungama yote, na Didas umtaje kwa jina. Usiondoke kwenda kwa kaka yako, Mwanamkuu, hayo utayazungumza na padre. Na wewe mzee usijidanganye, mimi sijakusamehe."

"Nisamehe, mama," Castory akalia.

"Nimeleta barua," Efrazia akajibu. "Hilo lingine sikuja nalo."

Tulisimama barabarani tukisubiri bodaboda. Nikaona machozi yanamtoka na hayafuti. Nikamshika bega. "Umefanya vizuri, Mama Anselmi. Mungu amekuona."

"Uliangalia saa?" akaniuliza.

"Saa gani?"

"Wakati naandika. Mimi niliangalia. Kuandika na kugonga mhuri, dakika mbili." Akaitazama njia tuliyotoka. "Dakika mbili, Mama Blessing. Na Didas aliutazama mlango wa chumba chetu siku nne, akimngoja padre."