Mabua ya Kamanthe

Ukitaka kumuudhi Kamanthe, mguse mabua yake. Hapa Kivaa sote tukishavuna hufunga mabua ya mahindi matita matita na kuyapandisha kwenye panda za migunga, mchwa wasiyafikie. Lakini yake yalipangwa kwa ustadi hata mvua ilishindwa kupenya. Hayo ndiyo yaliyomvusha ng'ombe wake kiangazi chote, kwa sababu nyasi zikiisha huku, zimeisha kweli.

Mwaka huo ng'ombe huyo alikuwa kila kitu. Binti wa Kamanthe, Mwelu, alifariki akijifungua, akamwachia mtoto wa kike, Kasyoka. Mtoto alinyweshwa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, na yakamkubali. Ng'ombe akikauka, mtoto angeishi kwa nini? Kamanthe alilijua hilo, nasi majirani tulilijua.

Kisha akaja Jeff. Kijana mpole, sitamsingizia, wa kampuni fulani huko Athi River inayotengeneza krimu ya uso kutokana na uyoga. Ni ya kuondoa makunyanzi, alituambia, ya wanawake wa mjini wasiotaka kuzeeka. Tulicheka sana siku hiyo. Mimi mwenyewe nina makunyanzi ya kutosha kugawia tarafa nzima. Uyoga ungeoteshwa ndani ya mabua, na wa kuuotesha ni sisi, kikundi cha akina mama. Jeff akainua macho akaiona migunga ya Kamanthe.

"Shosho, hii taka yote mmeitupa juu ya miti, si tuitumie?"

"Taka?" Kamanthe alimkazia macho. "Kijana, hii ni chakula ya ng'ombe. Na bibi kuitwa shosho ni huko kwenu. Huku tunasema susu."

"Pole, susu. Lakini ng'ombe atakula tu. Uyoga ikishatoka, hii mabua inabaki laini, na iko na nguvu kushinda mwanzo. Unapata mara mbili."

Hiyo mara mbili ndiyo iliyomponza. Sisi wengine tulitoa matita machache ya kujaribu. Kamanthe, kwa kuwa alikuwa na mtoto wa kulea, aliyashusha yote. Tukayakatakata, tukayachemsha kwenye pipa, tukayashindilia kwenye mifuko pamoja na mbegu za uyoga na kuyafungia gizani.

Uyoga ulitoka mara moja tu, mweupe, wa kupendeza. Halafu joto likazidi na mifuko ikashika ukungu wa kijani. Jeff alikuja akainusa, akasema kampuni haiwezi kuchukua uyoga huo. Ng'ombe naye asipewe mabua hayo kwanza, mpaka alete watu wa kuyapima. Akaenda zake.

Kamanthe alingoja. Mvua haikuja, na Jeff hakuja. Tulimletea majani tuliyoweza, lakini nasi tulikuwa na mifugo yetu, na sisemi uongo, hatukumletea mengi. Ng'ombe akaanza kulamba ukuta. Ndipo Kamanthe alipochambua mabua yasiyokuwa na kijani kingi, akayaosha, akayaanika, akampa. Mtu wa huku ataamini lolote juu ya mabua ila kwamba yanaweza kumwua ng'ombe.

Tumbo lilivimba, ng'ombe akalala ubavu, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa. Kamanthe hakulia. Aliuliza tu kama kuna mbuzi wa mtu anayekamuliwa.

Tulimpa maziwa ya mbuzi mpaka nao wakakauka. Kliniki ikampa lishe ya pakiti, ikaisha, akaambiwa arudi ikishaletwa. Akabaki kumkorogea mtoto uji mwepesi, ukiuangalia unaona chini ya kikombe. Hasira niliyokuwa nayo sikujua nimpelekee nani.

Jeff alirudi baadaye. Aliomba msamaha, na nadhani alimaanisha, kisha akampa kila mwanamke wa kikundi kichupa kimoja cha krimu kama shukrani. Mimi changu nilikitia mfukoni bila kukifungua.

Jioni nilipita kwa Kamanthe. Nilimkuta mlangoni, Kasyoka mapajani. Njaa ilikuwa imemla mtoto mashavu yote, ngozi ya paji la uso imejikunja, macho yameingia ndani. Nilimtazama nikaona uso wa bibi kizee. Kamanthe alikuwa amefungua kichupa chake. Alichota krimu kidogo kwa kidole akampaka mtoto pajini, taratibu, akinyoosha mkunjo mmoja baada ya mwingine.

"Mama Mwelu," nilimwambia, "hiyo si dawa ya mtoto."

"Najua, Mumbua." Hakuinua macho. "Lakini si walisema inaondoa?"

Niliketi kando yake nikamshikia kifuniko.