Karani Anayeuliza Habari za Nyumbani

Karani wa masijala ya mahakama ana vidole vyenye wino usiotoka kwa sabuni, na sauti ya chini inayomlazimu kila mtu kusogea karibu na dirisha lake. Mahabusu akiletwa, hamuulizi amekamatwa lini, maana mtu aliyelala rumande hujibu kama alivyofundishwa na askari. Humuuliza walimkuta akifanya nini.

Jumatano hii askari amemleta mama mmoja, na hati inasema alikamatwa jana.

"Walikukuta ukifanya nini, mama?"

"Naanika sare za wanangu, za kuanzia wiki. Hata sijui nani alizianua."

Karani anahesabu kwa kidole gumba: sare za Jumatatu huanikwa Jumapili. Jumapili hadi leo ni siku tatu, na katiba inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne.

"Mzee, andika jana bwana, utanichongea!" askari ananong'ona.

"Sikuchongei, mwanangu. Mimi naandika tu."

Anaandika Jumapili kwenye daftari, anapuliza wino ukauke, kisha analigeuza ili mama asome.

"Ukiingia kwa hakimu," anamwambia, "anza na zile sare."